Skrini ya Pili ya Makamu

Mkuu wa shule aliheshimiwa, lakini aliyeogopwa ni makamu wake, na aliogopwa kwa sababu ya karatasi moja tu: ratiba ya vipindi. Walimu walimwita Makamu, kama cheo kilivyotaka. Wanafunzi walimwita Bwana Vipindi, na wakimwona anakuja na kalamu zake tatu mfukoni mwa shati, nyekundu, buluu na kijani, walijibana ukutani kumpisha kama wanaopisha gari la zimamoto.

Kwa fani alikuwa mwalimu wa jiografia, tena wa kiasi. Miaka kumi na tisa alikuwa amefundisha tabaka za miamba kwa sauti ileile, mpaka wanafunzi wenyewe wakageuka miamba. Ratiba aliipata mwaka wake wa tatu kazini kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Mwalimu aliyekuwa nayo aliikabidhi kama mtu anayekabidhi paka mwenye upele, akasema, "Chukua, ndugu yangu, mimi imeshanipa vidonda vya tumbo." Makamu, enzi hizo kijana mwembamba asiyesalimiwa na mtu, akaikalia karatasi ile wiki mbili. Ilipobandikwa ukutani akaona ajabu. Watu wazima, wenye shahada na vipara, walianza kuja mmoja mmoja mezani kwake. "Mwalimu, habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Hivi kile kipindi changu cha mwisho hakiwezi kusogea kidogo?" Siku hiyo akajua kwamba aliyeshika saa za watu amewashika puani kama ng'ombe, atakakovuta ndiko watakakokwenda.

Tangu hapo hakuiachia. Aliyemsalimia vizuri alipata asubuhi. Aliyepita kimya alipata Kidato cha Pili C, Ijumaa, kipindi cha saba na cha nane, saa ambazo hata nzi wa darasani huwa wamesinzia. Yeye mwenyewe, kila Ijumaa baada ya chai ya saa nne, hakuwa na kipindi. Ukimuuliza, huo ulikuwa muda wa tathmini. Tathmini yenyewe aliifanyia nyumbani, akiwa amelala chali.

Hata huko nyumbani hakutulia. Aliwahi kubandika ratiba ya kuoga mlangoni mwa bafu, kila mtu na dakika zake. Mkewe, muuguzi wa zamu, aliisoma akiwa bado na viatu vya kazini miguuni. "Baba watoto," akasema, "mimi nikitoka wodini naoga nikitaka kuoga. Ukinipangia kipindi utaoga wewe na karatasi yako." Jioni yake karatasi ile ilionekana jikoni, imefutiwa mafuta ya kikaango.

Balaa la skrini lilianzia kwenye kikao cha makamu wote wa shule za eneo lile. Katika ofisi za elimu alimwona afisa takwimu, binti wa juzijuzi tu, amekaa mbele ya skrini mbili. Kushoto orodha ya shule, kulia majedwali, na kichwa chake kikigeuka taratibu huku na huku kama feni ya mezani. Makamu hakusikia neno hata moja la kikao. Mtu mwenye skrini moja, aliwaza, anaonekana anafanya kazi. Mwenye skrini mbili anaonekana anaendesha ndege.

Kesho yake asubuhi alikuwa ofisini kwa mkuu wa shule, mama mfupi aliyezoea kuongea huku anasaini.

"Mkuu, shule hii ina madarasa kumi na sita na walimu thelathini na mmoja. Ratiba haienei kwenye laptopu moja. Nikitazama madarasa, walimu hawaonekani. Nikitazama walimu, madarasa yamepotea. Naomba skrini ya pili."

Mkuu hakuinua kichwa. "Makamu, chaki zimebaki boksi mbili. Nikununulie skrini uifute kwa dasta?"

Akatoka amefura. Ofisi yake, kusema kweli, haikuwa yake peke yake. Alikaa chumba kimoja na mhazili wa shule, meza kwa meza. Mhazili huyu kila mtu alimwita Mama Chapa, kwa kuwa alikuwa amepiga chapa barua zote za shule tangu enzi za taipureta. Mwishoni mwa meza yake ndefu, chini ya kitambaa cha kufuma na chungu cha maua ya plastiki, ilikaa kompyuta yake ya zamani ya mezani: boksi zito lililovuma kama kinu cha kusaga na skrini ya kioo yenye kisogo kirefu, vyote vimegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Alikuwa ameitumia miaka kumi na minne kabla ya kuletewa mpya. Hakukubali itupwe.

Makamu akaitazama. Akaondoa maua.

"Mama Chapa, hii naichukua."

"Ipi, Makamu? Hiyo mbona imestaafu?"

"Naiajiri upya."

Fundi wa kompyuta alikuja na mkoba wake siku ya pili. Alizunguka meza, akachungulia nyuma ya mashine, akapuliza vumbi, akapiga chafya. "Mwalimu, tabu yote hii ya nini? Kuna kidude kidogo hivi, unachomeka kwenye laptopu, unatumia skrini peke yake. Hili boksi unaliacha lipumzike."

"Fundi, mimi nimekuita uunganishe kompyuta mbili. Sikukuita uniletee kidude."

Kidude hakimpi mtu hadhi, hilo hakulisema, lakini lilionekana usoni. Fundi akainua mabega. Akavuta waya wa buluu kutoka laptopu hadi kwenye kile kizee, akaweka programu kote kuwili, na baada ya saa moja ya kuwasha na kuzima, muujiza ukatokea: mshale wa laptopu ulitoka ukingoni upande wa kulia, ukaibukia ndani ya kioo cha zamani. Jedwali likafuata. Laptopu ilionyesha madarasa, kizee kikaonyesha walimu.

"Sasa sikiliza, Mwalimu," fundi akasema akikusanya bisibisi zake. "Hiki kioo hakifikirii chochote. Ni dirisha tu la laptopu yako. Na kibodi yake ya zamani usiichomoe, bila kibodi mashine hii haiwaki, itapiga makelele tu. Lakini ujue, hiyo kibodi na kipanya chake navyo vinafanya kazi. Mtu akigusa pale, ni kama amegusa..."

Makamu alishaacha kusikiliza. Alikuwa anageuza kichwa. Kushoto. Kulia. Kushoto.

Meza yake mwenyewe ilikuwa na mguu uliotegeshwa kwa karatasi za mtihani zilizokunjwa, isingebeba mzigo ule. Basi kizee kikabaki palepale mwishoni mwa meza ya Mama Chapa, kikageuzwa kidogo kumtazama Makamu, huku kibodi na kipanya vikibaki upande wa mama. Kila asubuhi ni yeye aliyekiwasha, maana yeye ndiye aliyejua kwamba kitufe chake hubonyezwa mara mbili, na mara ya pili kwa upole.

Wiki ile hakuna mwalimu aliyenusurika kuitwa kuja kutazama. Mwalimu wa historia, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alisimama mbele ya mitambo mikono nyuma.

"Sasa hizi mbili, Makamu, zinaonyesha nini?"

"Hii madarasa, hii walimu."

"Na wewe unatazama ipi?"

"Zote."

"Kwa jicho lipi?"

Muhula ule mzee wa historia alipewa vipindi vinne ghorofani, na magoti yake kila mtu aliyajua.

Ratiba mpya ikaanza kujengwa. Kila kipindi kilikuwa kisanduku chenye rangi. Mwalimu akipangwa mahali pawili kwa saa moja, visanduku vyote viwili viligeuka vyekundu. Makamu alisogeza, akasogeza, akihema kama mpanda mlima. Ndipo akaingia mwalimu wa kemia, mama kijana aliyerudi kazini toka uzazi. Mtoto alikuwa na miezi minne, analelewa na bibi yake nyumba ya tatu kutoka shuleni.

"Makamu, shikamoo. Nimeona umenipa kipindi cha tatu hadi cha sita kila siku, mfululizo. Mapumziko yote nayapitishia maabara, nikiandaa na kuosha vyombo. Naomba nafasi moja tu katikati ya asubuhi nikimbie kunyonyesha. Moja tu."

"Mwalimu, ratiba ni sayansi. Haijui kunyonyesha."

"Lakini wewe unajua, Makamu."

"Mimi natekeleza inavyosema ratiba," akasema mtu aliyeiandika mwenyewe.

Mwalimu wa kemia akatoka akaubamiza mlango. Ukweli, ambao Makamu asingeukiri hata kwa kiapo, ni kwamba wakati wa likizo yake ya uzazi dada huyu alituma salamu kwa walimu wote katika kundi la simu, akamsahau yeye.

Kengele ya chai ikalia. Makamu akajinyoosha, akaiacha laptopu wazi, akaenda zake chumba cha walimu, ambako chai yake ilimchukua dakika arobaini kwa sababu ya hotuba. Mama Chapa akabaki na andazi lake. Akachukua kitambaa kufuta vumbi kwenye kibodi yake ya zamani, kama alivyofanya maisha yote, mkono ukakigusa kipanya, na kwenye kioo mshale ukaruka juu ya jina la mwalimu wa kemia.

Mama akatulia. Akasogeza kipanya kidogo. Mshale ukasogea. Akatazama mlango. Halafu akatazama ratiba, na miaka thelathini ya kuzipiga chapa ratiba za watu wengine ikamjia vidoleni. Alimjua kila mwalimu: nani huenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine kila Jumanne, nani ana mtoto shule ya awali anayetoka saa sita, nani na nani hawawezi kupokezana darasa bila kugombana. Akakamata kisanduku cha kemia cha kipindi cha nne, akakipeleka cha pili. Kikawa chekundu. Akahamisha hesabu, akashusha uraia, akapandisha Kiingereza. Wekundu ukaisha. Akamalizia andazi.

Makamu aliporudi alikaa, akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akarudisha kushoto. Kuna kitu kimekaa vizuri, na hakumbuki kukikalisha. Akahesabu. Hakuna mgongano. "Mama Chapa, kuna mtu ameingia humu?"

"Hakuna mtu, Makamu," mama akajibu, naye hakusema uongo, kwa kuwa yeye hakuwa ameingia, alikuwamo.

Siku ya pili, baada ya chai, mzee wa historia alikuwa ameshuka ghorofa. Siku ya tatu, yule wa Jumanne alikuwa huru Jumanne. Mama alikuwa na busara moja kubwa: Ijumaa ya Makamu hakuigusa hata kidogo. Kwa hiyo Makamu alipokagua alianza na hapo, kama kawaida yake, akakuta mambo yake salama, akaona basi mengine yote lazima yawe ni akili.

Lakini akili ya nani? Akampigia fundi simu. "Fundi, niambie kweli. Kompyuta ya zamani inaweza kujifunza?"

Fundi alikuwa na mteja mbele yake na bisibisi mdomoni. "Siku hizi zote zinajifunza, Mwalimu," akasema, akakata.

Ikawa imetosha. Ratiba ikabandikwa, na baada ya muda Makamu akaenda kwa mkuu wa shule kifua mbele, akamweleza kwamba baada ya kuunganishwa kwa utaalamu maalumu, mashine mbili zimeanza kushauriana. Unaziachia tatizo, unaondoka ili usizisumbue, unakwenda kunywa chai, ukirudi limetatuliwa. Mkuu alimtazama mtu wake kwa muda, kalamu ikining'inia. Hakuelewa. Ila alielewa jambo jingine: ratiba ilikuwa imebandikwa wiki mbili na hakuna mwalimu hata mmoja aliyekuja kulalamika, jambo lisilowahi kutokea tangu shule ijengwe. Mwalimu wa kemia alionekana akicheka koridoni. Akaandika kwenye taarifa yake kwenda ofisi za elimu kwamba makamu wake amebuni mfumo.

Jibu likaja upesi: Makamu aje awafundishe wenzake wa shule kumi na moja.

Siku mbili hakushikika. Alinyoa, akapiga pasi suti ya harusi yake, akamsomea mkewe hotuba wakati anasuka nywele. "Skrini moja ni jana," alisoma, "skrini mbili ni kesho."

"Na leo je?" mkewe akauliza.

"Leo ni mimi."

Mkewe akamtazama kwenye kioo, akaendelea kusuka.

Asubuhi ya safari, kizee kilifungwa blanketi, kikapandishwa kiti cha mbele cha gari la shule na kufungwa mkanda. Makamu akakaa nyuma. Mama Chapa alitoka hadi kwenye ngazi na kibodi mkononi.

"Makamu, hii umeisahau, na bila hii haiwaki. Hivi nisije nawe? Mashine ile imenizoea."

"Mama, kule ni kwa wataalamu."

"Haya. Safari njema."

Ukumbi ulikuwa wa shule nyingine, viti vya plastiki, watu kama ishirini: makamu kumi na mmoja, maafisa kadhaa, na yule binti wa takwimu mstari wa mbele. Makamu alizungumza saa nzima. Alisema "mfumo" mara nyingi kuliko "mwanafunzi". Kisha akaiwasha mitambo, iliyowaka kwa jaribio la nne, akatengeneza kwa makusudi ratiba mbovu kupindukia: mwalimu mmoja madarasa matatu kwa wakati mmoja. Visanduku vikawaka vyekundu kama upele.

"Sasa ndugu zangu," akasema akirudi nyuma hatua moja, "hapa mimi sigusi kitu. Tuziache zifikiri. Tukanywe chai."

Wakanywa chai. Wakarudi. Upele uko palepale.

"Leo zina ugeni," akasema Makamu. "Tuzipe dakika kumi zaidi."

Wakakaa wote wakikitazama kioo, watu wazima ishirini. Dakika ya tano kioo kikaingia giza, wakashusha pumzi kwa matumaini, na samaki wa rangirangi wakaanza kuogelea kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Inawaza kitoweo," sauti ikasema kutoka nyuma.

Makamu alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Jasho lilikuwa limeshafika kwenye kola. Akagonga boksi. Akachomoa waya wa buluu, akaurudisha. Akatamani mtu apige kengele, kengele yoyote, wote waondoke. Ndipo akasimama mama mmoja mwenye miwani, makamu wa shule ya ng'ambo ya barabara kuu, aliyekuwa anaandika kila kitu tangu mwanzo.

"Samahani, mwenzetu. Ule wakati mnakwenda kunywa chai kule kwenu, ofisini anabaki nani?"

"Habaki mtu," Makamu akajibu. "Mhazili tu."

Yule mama akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Na hiyo kibodi," akauliza taratibu, "huwa imekaa meza ya nani?"

Kicheko kilianzia kwa binti wa takwimu, aliyejaribu kukizuia kwa kiganja kikamponyoka puani. Kisha kikashika mstari wa pili, wa tatu, mpaka mlinzi akachungulia dirishani kujua kuna nini. Makamu alisimama katikati yake na suti yake ya harusi, na kwa mara ya kwanza siku ile hakugeuza kichwa upande wowote. Maneno ya fundi aliyoyapuuza yalikuwa yanarudi moja moja: mtu akigusa pale, ni kama amegusa.

Kesho yake alifika ofisini mapema kuliko Mama Chapa, akamngoja amesimama.

"Ni wewe."

"Shikamoo kwanza, Makamu." Mama alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mitano, lakini Makamu hakuwahi kumwamkia; siku hiyo mama aliitamka kama mtu anayemwekea mtoto mfano.

"Usinitanie! Ulichezea ratiba yangu."

"Sikuichezea. Niliitengeneza." Akaweka mkoba wake, akavua kandambili za njiani, akavaa viatu vya ofisini. "Nilianza na kipindi kimoja tu, Makamu, cha yule anayenyonyesha. Nikasema nitaacha. Lakini ukishaona uzi mmoja umelegea, mkono hautulii."

"Umenidhalilisha mbele ya shule kumi na moja!"

"Nilitaka kuja nawe. Ukasema kule ni kwa wataalamu."

Makamu akachomoka mlangoni. Akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule kumshtaki. Alisema mengi: kuingilia nyaraka, kuvunja maadili, hujuma. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, safari hii akiwa ameweka kalamu chini.

"Kwa hiyo, Makamu, unataka niandike kwamba ratiba ile nzuri si yako?"

Makamu akapapasa kalamu zake mfukoni.

"Au niandike kwamba ni yako, na mhazili hakufanya kitu?"

Makamu akatazama chaki zilizopangwa dirishani. "Andika ni ya ofisi," akasema hatimaye.

"Basi iendelee kuwa ya ofisi."

Muhula uliofuata Makamu alijaribu kuijenga peke yake, kwa laptopu moja, mlango umefungwa, ili watu waone. Waliona. Jumatatu ya kwanza walimu watatu walikutana katika darasa moja, kila mmoja na daftari lake la maandalio, huku Kidato cha Nne A wakikaa saa mbili bila mtu wakipigana kwa maganda ya machungwa. Kufikia Jumatano mkuu alipitisha uamuzi. Ratiba ikakabidhiwa kwa Mama Chapa rasmi, pamoja na kazi zake zote za zamani, bila cheo na bila nyongeza yoyote, ila barua ya pongezi. Barua hiyo aliichapa mwenyewe, maana nani mwingine angeichapa? Alikuta makosa mawili ya tahajia kwenye rasimu ya mkuu, akayasahihisha, akajipelekea.

Makamu naye hakuachwa mikono mitupu. Mtu wa cheo ukimvua kitu ni lazima umvishe kingine, la sivyo atapata baridi. Akafanywa Mratibu wa Teknolojia. Vifaa alivyokabidhiwa ni projekta moja isiyowaka na funguo za kabati ambalo halikuwa na kufuli. Alichongesha muhuri siku ileile.

Meza hazikuhamishwa. Bado wanakaa chumba kimoja, meza kwa meza, laptopu sasa ikiwa mbele ya mama na kizee kikivuma pembeni. Wiki za kwanza Makamu alikaa amempa kisogo, akipanga na kupangua mafaili ya projekta. Kisha akaanza kukaa ubavu. Kisha, bila kukusudia, kichwa kikaanza kugeuka.

Siku moja mama alikwama. Maabara ilikuwa moja, madarasa yanayoitaka matatu, na kila alipogusa, wekundu ulihama tu kama maji chini ya zulia. Alikuwa amesogeza robo saa nzima. Nyuma yake kiti kikalia.

"Tatu B," Makamu akasema, akitazama dirishani. "Wana michezo Alhamisi asubuhi. Mwalimu wa michezo huwa hafiki kabla ya saa nne, miaka tisa sasa. Michezo peleka mchana, maabara waingie asubuhi."

Mama akasogeza. Wekundu ukaisha wote kwa mpigo.

"Ahsante, Makamu," akasema, na alimaanisha.

Makamu alisimama, akapanga upya kalamu zake tatu, akatembea polepole kuelekea chumba cha walimu. Kengele ya chai ilikuwa haijalia. Ilipolia na walimu wakaingia, walimkuta ameshajimiminia kikombe, amesimama katikati ya chumba, anamweleza mzee wa historia kwa nini, bila yeye, shule hii asubuhi ya leo ingefungwa.